Chembe za nano hewani Mwanza: ukubwa na tungamo vinapokataa kukubaliana

Kifaa kilichorekebishwa karibu na usawa wa bahari hakijui kwamba kimepandishwa hadi Mwanza. Uso wa Ziwa Viktoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa mjini ni karibu hektopaskali 885, si 1,013. Tofauti hiyo ya asilimia 13 haionekani kwa macho, haiwashi taa nyekundu, na ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya malalamiko ya "mashine imeharibika". Kwa hiyo tutaanza na hewa, ndipo twende kwenye uchafu, mipira na kemikali.

Mpangilio tunaouzungumzia, wa kupima kipenyo na tungamo la chembe za nano zilizo hewani, una viungo vinne. Kwanza kisawazisha chaji, kinachozipa chembe mgawanyo wa chaji unaojulikana. Kisha DMA, mrija wenye elektrodi ya katikati inayopewa volti hadi 10,000: chembe huvutwa na umeme kupita kwenye hewa safi iitwayo hewa ya ala, na zile zenye mwendo unaotakiwa tu ndizo hutoka kwenye tundu la chini. Kipenyo kinakokotolewa kutokana na mwendo huo. Tatu ni kipima tungamo, CPMA au APM, silinda mbili zinazozunguka, moja ndani ya nyingine, ambamo nguvu ya umeme inavutana na nguvu ya kutupwa nje. Chembe hupita pale tu nguvu hizo mbili zinapolingana. Mwisho CPC, inayokuza kila chembe kwa mvuke wa butanoli hadi ionekane na mwanga wa leza, kisha inahesabu.

Kuna jambo moja katika mpangilio huu linalofaa kukaa kichwani muda wote. Jibu la DMA linategemea hewa: mgandamizo wake, joto lake, na kasi ya ala. Uwiano wa nguvu ndani ya kipima tungamo hauna hewa ndani yake. Tungamo linalopita katikati ya dirisha (wigo wa tungamo unaoruhusiwa kupita) linategemea kasi ya mzunguko, volti, chaji na vipimo vya silinda. Hewa inaweza kupanua au kufinya dirisha, lakini haihamishi katikati yake. Kwa hiyo vifaa hivi viwili vikigombana, mshuku DMA kwanza.

Vipimo vitatu kabla ya kufungua kitu

Weka filta ya HEPA (inayonasa karibu chembe zote) mlangoni mwa CPC peke yake. Kwa mtiririko wa lita 0.3 kwa dakika, CPC isiyo na hitilafu inapaswa kuhesabu chini ya chembe 0.01 kwa sentimita ya ujazo, yaani zisizidi 3 hivi kwa dakika nzima. Ikihesabu zaidi, inavuja, au kioo cha leza kimechafuka. Sasa hamishia filta mlangoni mwa mfumo wote, DMA ikiwa na volti sifuri. Chembe zikitokea sasa, uvujaji uko kati ya filta na CPC, mara nyingi kwenye pete ya mpira ya DMA iliyorudishwa vibaya baada ya usafi.

Pima mtiririko kwa kipima cha ujazo (cha mapovu ya sabuni, au cha pistoni), ukikiweka mlangoni ambako hewa inaingia. Usiamini namba ya skrini, sababu inakuja.

Soma mgandamizo wa hewa kwa baromita iliyo chumbani. Namba ya hali ya hewa kwenye simu haifai. Programu hizo huonyesha mgandamizo uliorekebishwa kana kwamba Mwanza iko baharini, ndiyo maana zinakuambia 1,014 au zaidi ukiwa umesimama Capri Point. Anayeandika 1,014 kwenye mipangilio ya programu ameirudisha mashine Dar es Salaam.

Shanga za nanomita 100 zinasomwa 94

Shanga za polistireni zenye cheti ndiyo rula yetu. Zikisomwa ndogo kwa asilimia 6 hivi, karibu kila mara programu imeachwa kwenye mgandamizo wa kiwandani. Molekuli za hewa ya hapa ziko mbali zaidi: mwendo huru wa molekuli kati ya mgongano mmoja na mwingine ni karibu nanomita 78, badala ya 67 za usawa wa bahari. Chembe ndogo hupenya baina yao kwa urahisi zaidi, na kirekebisho cha Cunningham (namba ya kiasi ambacho chembe huteleza baina ya molekuli) kwa chembe ya nanomita 100 kinapanda kutoka 2.88 hadi 3.20. Chembe inakimbia, programu inadhani ni ndogo.

Asilimia 6 ya kipenyo inaonekana haba mpaka uigeuze kuwa tungamo. Kipenyo kinazidishwa mara tatu, 0.94 × 0.94 × 0.94, na asilimia 17 ya tungamo imeyeyuka bila kosa lingine lolote. Andika 88.5 kPa (kilopaskali, yaani hektopaskali 885), au namba ya baromita yako, na joto la hewa ya ala (si la chumba), kisha rudia kipimo.

Shanga za 100 ziko sawa, za 300 zinasomwa 320

Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu wengi hawaioni. Wanapima shanga za 100 tu, wanapata 102 au 103, cheti kinaruhusu, wanafunga faili.

Kinachotokea ni makosa mawili yanayofichana. La kwanza ni lile la mgandamizo. La pili ni la mtiririko: vipimo vingi vya ndani hupima wingi wa hewa, kisha huonyesha "lita za kawaida", yaani lita ambazo hewa hiyo ingejaza kwenye 101.3 kPa na nyuzi 21 hivi za Selsiasi. Kwa hewa ya Mwanza ya nyuzi 25, lita 1 ya kawaida ni lita 1.16 halisi. Watengenezaji wengine huhesabu kawaida yao kwenye nyuzi 0, na hapo lita 1 inakuwa karibu 1.25. Ukiweka ala lita 3.0 kwenye skrini, ndani ya DMA zinapita lita 3.5 hadi 3.7, chembe zinasukumwa chini kwa kasi kuliko hesabu ya programu, na programu inazidisha kipenyo.

Kosa la kwanza linapunguza, la pili linaongeza. Kwa chembe za nanomita 30 zinakaribia kufutana kabisa. Kwenye 100 zinaacha mabaki ya asilimia 2 au 3. Kwenye 300 kirekebisho cha Cunningham kimeshapungua nguvu lakini kosa la mtiririko liko palepale, na ukweli unachomoza. Haya hapa makadirio kwa 88.5 kPa, nyuzi 25, na ala iliyozidi kwa asilimia 16. Safu ya mwisho ni densiti ya shanga (halisi 1.05) ikikokotolewa kwa tungamo sahihi na kipenyo kilichokosewa:

| Kosa lililopo | Shanga ya 100 husomwa | Shanga ya 300 husomwa | Densiti, 100 kisha 300 |
|---|---|---|---|
| Mgandamizo tu | 94 | 288 | 1.26, kisha 1.19 |
| Mtiririko tu | 109 | 333 | 0.82, kisha 0.77 |
| Yote mawili | 102.5 | 320 | 0.98, kisha 0.86 |

Njia ya kutoka ni moja: tumia saizi mbili za shanga kila mara, ndogo na kubwa. Rekebisha mtiririko kwanza, kwa kipima cha ujazo mlangoni mwa ala, huku mfumo ukiwa umefungwa kama unavyofanya kazi. Kisha mgandamizo. Ukirekebisha mgandamizo peke yake kwenye mfumo wenye makosa yote mawili, shanga za 100 zitaruka kutoka 102.5 hadi 109, na fundi asiyejua atarudisha namba ya zamani akiamini ameepusha balaa.

Baadhi ya mashine zina vihisi vyao vya mgandamizo na joto na hurekebisha zenyewe. Soma kitabu cha mashine yako kabla ya kuzidisha 1.16, usije ukarekebisha mara mbili.

Neno kuhusu pampu. CPC nyingi hutegemea tundu dogo linalobana hewa hadi kasi ya sauti, na tundu hilo hushika mtiririko wa ujazo pale tu mgandamizo wa nyuma ukiwa chini ya asilimia 53 ya ule wa mbele. Hapa hiyo ni chini ya 47 kPa, kwa hiyo geji ya pampu lazima ionyeshe mvuto wa angalau 42 kPa; chukua 50 uwe na nafasi. Pampu iliyochoka ikivuta 35 itaendelea kunguruma vizuri tu, huku mtiririko ukicheza kila umeme unapopungua nguvu.

Densiti inatoka namba ya ajabu

Ukiwa na kipenyo na tungamo la chembe zilezile, gawanya: tungamo kwa ujazo wa mpira wenye kipenyo hicho. Tuiite densiti ya nje. Ndiyo mzani wa ukweli wa kazi nzima, maana inatumia vifaa vyote kwa pamoja.

Shanga ya nanomita 100 ina femtogramu 0.55, ya 300 ina 14.8. Kipima tungamo kisipokupa namba hizo ndani ya asilimia chache, tatizo liko ndani yake au kwenye chaji, kabla hujagusa DMA. Ikiwa shanga zote mbili zimekosea kwa uwiano uleule, tazama kasi ya mzunguko na usahihi wa volti. Ikiwa ya tungamo dogo tu ndiyo imepotoka, kwa kawaida dirisha ni pana mno: punguza mtiririko au ongeza kasi ya mzunguko, na kubali kwamba chembe nyingi zaidi zitapotea njiani. Kishindo na mtikisiko husumbua pia. Jenereta lililowekwa upande wa pili wa ukuta linatosha kuivuruga mizunguko, na kelele ya beringi inayobadilika sauti ni onyo la kuisimamisha mashine mara moja, si la kusubiri mwisho wa wiki.

Shanga zikiwa sahihi, geukia sampuli. Masizi mapya ya dizeli si mpira bali kishada cha vishanga vidogo chenye matundu. Densiti yake ya nje hushuka kadiri kinavyokua, kutoka karibu gramu 1 kwa sentimita ya ujazo kwenye nanomita 50 hadi kama 0.3 kwenye 300. Moshi wa kuni unaofuka bila mwali ni matone ya mafuta na lami, karibu duara, densiti 1.1 hadi 1.4 bila kujali ukubwa. Kwa hiyo 0.4 kwa basi linalopanda Bugando si kosa, bali 0.4 kwa moshi wa magogo mabichi ni kosa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na moshi wowote ukikupa zaidi ya 2, rudi kwenye jedwali la juu.

Unyevu nao una sehemu yake hapa. Chembe zenye chumvi au asidi hunywa maji, zikavimba na kushuka densiti. Kausha sampuli hadi unyevu chini ya asilimia 40 kabla ya DMA, na upime unyevu wa hewa ya ala pia, kwani ndiyo inayokaa na chembe muda mrefu zaidi. Silika ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imechoka. Ioke nyuzi 120 kwa saa kadhaa. Ile ya buluu inayogeuka pinki ina kobalti, usiikaushe kwenye oveni ya kupikia.

Kiyoyozi ndicho adui asiyeshukiwa. Watu huweka nyuzi 18 ili mashine "zipumue". Hewa ya ziwani ikivutwa kutoka nje, ikakuta mrija wenye nyuzi 18, inafika ukingoni mwa kutoa umande, na asubuhi utakuta matone kwenye mrija. Weka chumba nyuzi 24 hadi 26, na ufunike mrija wa kuingilia kwa sponji ya mabomba ya friji.

Kwenye mchoro wa tungamo kuna kilele cha pili, au bega

DMA haichagui ukubwa, huchagua mwendo. Chembe ya nanomita 150 yenye chaji mbili inatembea sawa na ya 100 yenye chaji moja, na zote hutoka tundu moja. Zikifika kwenye kipima tungamo, ile kubwa ina tungamo mara 3.4, likigawanywa kwa chaji mbili inaonekana mara 1.7. Kwa chembe za duara unapata vilele viwili vilivyoachana vizuri, unachukua cha kwanza, kazi imekwisha.

Kwa masizi si hivyo. Tungamo la kishada halikui kwa kipeo cha tatu cha kipenyo bali kama 2.3, kwa hiyo chembe ileile ya chaji mbili inaonekana mara 1.27 tu. Haitoki kama kilele. Inaegemea cha kwanza kama bega, na ukilinganisha mchoro na mkunjo wa kilele kimoja, tungamo lako linapanda bila wewe kujua. Pima upande wa kulia wa mgawanyo, ukichagua saizi kubwa kuliko kilele cha idadi, ambako chembe kubwa zaidi za kujificha ni chache. Au weka impakta yenye tundu dogo mlangoni, inayozigongesha chembe kubwa kwenye bamba, izikamate. Ikishindikana, linganisha kwa vilele viwili ukishikilia uwiano wa 1.27 badala ya kuuacha huru.

Idadi inashuka kidogo kidogo, siku hadi siku

Sababu ziko nyingi, na mpangilio wa kuzikagua ni wa gharama: anza na ya bure.

Impakta. Tundu lake halifiki milimita 1. Moshi wa sangara una mafuta, na mafuta hayo hujenga kilima mbele ya tundu ndani ya saa nne hadi sita. Safisha kwa pombe ya aisopropili, paka tena filamu nyembamba ya grisi kwenye bamba. Bamba likiwa kavu, chembe kubwa hudunda na kupita.

Butanoli iliyokunywa maji. Hii ni ya kwetu hasa. Kondensa ya CPC ni baridi, hewa ya ziwani ina unyevu, na maji yanayojikusanya humo hurudi kwenye chupa pamoja na butanoli. Mvuke unapungua nguvu, chembe ndogo ndizo zinazokosa kukua kwanza, kwa hiyo utaona nanomita 10 hadi 20 zikififia wakati 100 ziko imara. Mwaga, suuza kwa butanoli mpya, jaza upya. Miezi ya masika fanya hivyo kila wiki, na kikaushi kikiwepo utapata muda mrefu zaidi. Usiirudishe ile ya zamani kwenye chupa mpya kwa kubana matumizi. Chumba kiwe na hewa ya kutosha, na moshi wa pampu utoke nje kwa mpira, kwani harufu ya butanoli huumiza kichwa na mvuke wake hushika moto. Na kabla ya kuihamisha CPC, hata kutoka chumba hadi chumba, itoe butanoli yote na uikaushe. Ikiinama kidogo tu, leza inaoga.

Kisawazisha chaji. Kama kinatumia poloniamu-210, nguvu yake hupungua nusu kila siku 138. Baada ya mwaka imebaki asilimia 16, na chembe hazisawazishwi tena. Kriptoni-85 huchukua karibu miaka 11 kufika nusu, amerisiamu-241 zaidi ya miaka 430. Jaribio rahisi ni kupunguza mtiririko kupitia kisawazisha hadi nusu, chembe zikae muda mrefu zaidi: mgawanyo ukibadilika umbo, kisawazisha kimedhoofika. Vyanzo vya mionzi vinamilikiwa kwa kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, hivyo havifunguliwi kwa bisibisi wala havitupwi na takataka.

Wadudu wa ziwani. Wanainuka kama nguzo za moshi juu ya maji, jioni moja wanaweza kuziba mlango wote. Wavu wa waya wa tundu la milimita 1 hadi 2, mdomo wa mrija ukitazama chini, na taa ya nje izimwe usiku.

Miba mirefu upande wa chembe kubwa

Mchoro ni laini hadi nanomita 400, kisha miba inaruka bila mpangilio. Volti imefika juu na umeme unaruka ndani ya DMA. Hewa nyembamba huzuia umeme vibaya zaidi: kwa mgandamizo wa hapa, kizingiti kiko karibu asilimia 12 chini ya kile cha baharini, kwa hiyo DMA iliyokuwa ikivumilia 10,000 kiwandani inaweza kushindwa kwenye 9,000. Weka ukomo wa 8,500 na ukubali kupoteza kipande cha mwisho cha saizi. Baada ya hapo ndipo ufungue na kutafuta uzi wa kitambaa au tone la maji kwenye elektrodi. Zima umeme, subiri dakika kumi, gusanisha elektrodi na waya wa ardhi kabla ya kuweka mkono. Futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Karatasi ya chooni ndiyo iliyoleta tatizo la kwanza.

Kilele cha nanomita 20 hadi 70 kisichoondoka wakati wa kupima shanga

Ni maji yako. Kila tone la kinyunyizi lisilo na shanga hukauka na kuacha chumvi iliyokuwa ndani yake. Maji ya kunywa ya chupa yenye miligramu 100 za madini kwa lita yanaacha chembe ya nanomita 37 kutoka kwenye tone la mikroni 1, na 74 kutoka tone la mikroni 2, pua kwa pua na shanga zako za 100. Maji yenye miligramu 1 huacha nanomita 8, mbali na njia. Yale ya vituo vya mafuta yanayoitwa maji ya betri yanatofautiana chupa kwa chupa, na mengine si maji bali asidi. Pima kwanza kwa kipima upitishaji umeme, ukitafuta mikrosimensi 1 au 2 kwa sentimita. Matone 2 au 3 ya shanga za asilimia 1 kwa mililita 100 yanatosha. Ukizidisha, shanga mbili zinaingia tone moja na kutoka zimeshikana.

Chembe za nanomita 10 hazipo kabisa

Pengine zilikuwepo zikaishia ukutani mwa mpira. Kwa mpira wa mita 3 wenye lita 0.3 kwa dakika, takriban chembe 45 kati ya kila 100 za nanomita 10 hazifiki, ilhali za nanomita 100 zinapotea 3 tu. Kununua mpira mnene hakusaidii: mtiririko ukiwa mtulivu, upotevu hutegemea urefu na lita kwa dakika, si upana. Vuta lita 5 kwenye bomba kuu hadi karibu na mashine, kisha uchepushe 0.3 kwa kipande cha sentimita 20.

Bomba liwe la chuma cha pua au shaba. Plastiki ya kawaida inajichaji na kuvuta chembe. Mpira mweusi wa silikoni unaopitisha umeme haujichaji, lakini hutoa mvuke wa siloksani unaoshika kwenye masizi na kuyaongezea tungamo, hasa hewa ikiwa ya moto. Tumia vipande vifupi tu vya kuungia.

Kuhusu mrija: ukibadilisha urefu wake kati ya DMA na CPC, badilisha pia muda wa kuchelewa kwenye programu. Mita 1 yenye kipenyo cha ndani cha milimita 4.8 ni sekunde 3.6 kwa lita 0.3. Alama ya kosa hili ni michoro ya volti ikipanda na ikishuka kutolaliana.

Kwenye banda la kukaushia samaki, kila sampuli ina ukubwa tofauti

Moshi mzito ndani ya banda unaweza kuwa na chembe milioni 10 kwa sentimita ya ujazo. Kwa wingi huo zinagongana na kushikana. Nusu ya idadi inapotea chini ya dakika tatu. Anayejaza mfuko Igombe na kuupeleka mjini kwa bodaboda anapima kilichozaliwa ndani ya mfuko. Punguza moshi palepale unapouchukua, kwa hewa kavu iliyochujwa, angalau mara 100, ndani ya sekunde chache. Uwiano wa kupunguza uthibitishwe kwa gesi (kaboni dioksidi kabla na baada), si kwa kugawanya namba za vali.

Vihisi vidogo vya mwanga vinavyouzwa kwa bei nafuu visitumike kukagua kazi hii. Haviioni vizuri chembe iliyo chini ya nanomita 300, na ukungu wa asubuhi ziwani vinauhesabu kama moshi.

Saa nne asubuhi namba zote zinageuka

Kabla ya kufungua mashine, toka nje uangalie bendera. Usiku hewa hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, ikibeba moshi wa majiko ya mkaa na takataka zilizochomwa. Jua likipanda upepo unageuka, hewa ya ziwani inaingia, idadi inaanguka na kilele kinahamia saizi nyingine. Hata mashine isiyo na hitilafu huonyesha hivyo. Chora mwelekeo wa upepo kwenye mchoro uleule wa idadi. Vikigeuka pamoja kwa siku tatu mfululizo, acha bisibisi kabatini.

Jumla ya tungamo haifanani na filta iliyopimwa kwenye mizani

Usitarajie zifanane. Chembe moja ya mikroni 1 ina tungamo sawa na chembe 1,000 za nanomita 100 zenye densiti ileile, na filta ya PM2.5 (ya chembe zisizozidi mikroni 2.5) inazikamata zote wakati DMA yako inakomea nusu mikroni. Cha kudai ni kwamba jumla yako isizidi filta. Ikizidi, umetumia densiti 1 kwa masizi yenye 0.5, au hukusahihisha chaji nyingi, au filta ilipimwa bila kutulizwa. Filta ikae saa 24 kwenye nyuzi 20 hadi 23 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40, kabla na baada, ikiwa na filta tupu mbili za kulinganisha. Hizo tupu zikibadilika zaidi ya mikrogramu chache, rudia kutuliza zote.